Maonyesho ya filamu za muziki Kibokoni: hadithi yafasiriwa, nyimbo zaachwa

Katika ghorofa ya pili ya nyumba moja ya kale upande wa Kibokoni, mwendo mfupi kutoka Ndia Kuu, kikundi cha kina mama huonyesha filamu za muziki kila Jumamosi mchana kwa wanawake na wasichana pekee. Kiingilio ni shilingi 200, pamoja na kikombe cha chai au kahawa na sahani ndogo ya vitafunio, na kila filamu hufasiriwa papo hapo kwa Kiswahili na msimuliaji anayekaa kando ya skrini na kipaza sauti chake. Kikundi hakina bango mlangoni. Habari zake hupita kwa mdomo na kwa WhatsApp, na kwa kuwa waandaaji wanapendelea mambo yaendelee hivyo, sitakitaja kwa jina. Nimehudhuria vya kutosha kuweza kutoa hukumu: kwa uteuzi wa filamu na kwa heshima wanayowapa watazamaji wao, sijaona huduma nyingine ya aina hii mjini Mombasa inayoikaribia, lakini kwa namna wanavyozichukulia nyimbo, wanatunyima sehemu ileile ambayo mwanamke wa filamu hizi huwajibu waliomwekea sura isiyo yake.

Mambo ya ukumbi hayahitaji maneno mengi. Ngazi ni za mbao, nyembamba na zenye mwinuko mkali, na mzee mwenye magoti mabovu atahitaji mtu wa kumshika mkono. Juu mna viti vya plastiki vilivyotandikwa mito, mikeka ya watoto mbele, feni zinazofanya kazi, na mapazia mazito yanayolizuia jua la mchana kiasi cha picha kuonekana vizuri. Umeme ukipotea, jenereta huwashwa bila ya watu kungoja sana. Sauti si mbaya katika mazungumzo, ila sauti za juu za waimbaji hutoka zikiwa kali hadi zinakera, jambo ambalo katika ukumbi wa filamu za muziki haliwezi kuitwa dosari ndogo. Viazi vya karai huletwa vya moto, na ukwaju wake ni wa kupikwa nyumbani. Kaimati siku nyingine huwa zimeloa shira kupita kiasi.

Uteuzi wa filamu ndio fahari ya kikundi hiki. Ratiba ya miezi ya karibuni imechanganya Mughal-e-Azam, Mother India, Guide na Umrao Jaan kutoka India, Khalli Balak min Zouzou kutoka Misri, My Fair Lady, Grease na Dreamgirls kutoka Marekani, na Sarafina! iliyopigwa Soweto. Orodha hii haikuokotwa. Aliyeipanga ameona kwamba wanawake wa filamu za muziki, pamoja na tofauti zote za lugha na nchi, wamekuwa wakipewa nafasi chache zinazojirudia: mcheza ngoma ambaye jina lake limekwisha kuharibika kabla hajafungua mdomo, mke mvumilivu, msichana mwema anayengojea kuchaguliwa, na mama ambaye maisha yake yote ni kujitolea. Mtu akizitazama filamu hizi kwa kufuatana, wiki baada ya wiki, huanza kuzitambua sura hizo mapema na kujiuliza ni filamu ipi iliyozikubali na ipi iliyozikataa.

Filamu za Kihindi hazihitaji kutambulishwa hapa. Waliokulia karibu na majumba ya sinema kama Regal, Naaz na Majestic walizijua nyimbo kabla ya kuzijua hadithi, na marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijijengea sehemu kubwa ya sifa yake kwa kuyatia mashairi ya Kiswahili ndani ya mahadhi ya filamu hizo. Ndiyo maana ukumbini utamkuta nyanya mwenye mvi akiufuata wimbo mzima wa Lata Mangeshkar kwa midomo, hakosi hata pumzi, na ukimuuliza wimbo huo unasema nini, atakwambia hajui. Ameuhifadhi kwa miaka hamsini bila ya kuambiwa maana yake. Mtu wa namna hiyo anastahili kufasiriwa wimbo kabla ya kufasiriwa kitu kingine chochote.

Msimuliaji ni binti aliyemaliza chuo, mwenye ulimi mwepesi na hifadhi nzuri ya Kimvita, na lazima nimsifu kabla ya kumlaumu. Wasimuliaji wa vibanda vya video tuliowazoea hujaza kila nafasi kwa mzaha, na mwanamke akitokea kwenye skrini, neno la kwanza huwa juu ya umbo lake na la pili juu ya bei yake. Huyu hafanyi hivyo kamwe. Mwanamume wa filamu anapomdhihaki mkewe, yeye humfasiri bila ya kumwongezea chumvi, kisha hunyamaza kidogo ili tuusikie ukumbi wenyewe ukiguna. Wahusika wawili wanapozungumza kwa haraka, hubadilisha sauti kidogo tu, bila ya kuigiza, na hatuchanganyikiwi. Katika Guide alimfasiri Marco, yule mume mtafiti wa mapango ambaye anamwona mkewe kuwa aibu kwa sababu anapenda kucheza, kwa Kiswahili cha upole na cha kuumiza, kama wanavyozungumza wanaume wasomi wasiopaza sauti nyumbani, na mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti kwamba huyo anamjua.

Wimbo unapoanza, hata hivyo, binti huyu hukizima kipaza sauti na kunywa chai yake.

Nilidhani mwanzoni kwamba ni mapumziko yake, na mtu anayesema saa tatu mfululizo ana haki ya kupumzika. Baadaye nilielezwa kuwa ndio utaratibu wa kikundi: hadithi hufasiriwa, wimbo huachwa usikilizwe. Kuna ubaya zaidi. Filamu huanza saa saba na nusu, husimama kwa sala ya Alasiri, na haina budi kwisha kabla ya Magharibi, kwa hiyo filamu ndefu inapochelewa kuanza, nyimbo ndizo zinazorushwa. Ukumbi uliotangaza filamu za muziki unaukata muziki ili kuiokoa hadithi, wakati ambapo katika filamu nyingi za aina hii hadithi ndiyo inayomfunga mwanamke na wimbo ndio unaomfungua.

Nieleze kwa mfano wa Mughal-e-Azam, kazi ya K. Asif ya mwaka 1960. Ukiisikiliza hadithi peke yake, Anarkali aliyechezwa na Madhubala ni kijakazi mzuri wa sura aliyemteka mwana wa mfalme, na kwa kosa hilo anafungwa minyororo, anatishwa, na mwishoni anaondolewa katika maisha ya mpenzi wake kwa uamuzi wa mfalme Akbar, ambaye hata anapomhurumia anamhurumia kwa siri na kwa masharti yake mwenyewe. Hapo pana sura mbili za kale zilizofungwa pamoja, yaani mcheza ngoma anayevuruga nyumba ya wakubwa na mwanamke mwema anayejitoa ili mwanamume abaki salama. Kisha katikati ya filamu hiyo, ambayo karibu yote ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, rangi zinafunguka ghafla, tumo ndani ya jumba la vioo, na Anarkali anaimba mbele ya mfalme mwenyewe. Anasema kwamba aliyependa hakuiba, kwa nini basi aogope. Kwamba hakuna pazia baina yake na Mungu, pazia baina yake na waja ni la nini. Anapozunguka, sura yake inatawanyika katika vipande vyote vya vioo darini, hata mfalme akiinua macho asimwone mwingine ila kijakazi huyo mmoja aliyekuwa ameagizwa anyamaze. Mtumwa anamfundisha bwana wake maana ya kicho, tena hadharani, tena kwa tauhidi.

Siku filamu hiyo ilipoonyeshwa, nyanya aliyekaa mbele yangu alishindwa kuvumilia, akageuka akamuuliza msimuliaji, “Mwanangu, hebu twambie, yuwaimbani huyo?” Binti akajibu kwa adabu, “Amwambia mfalme kwamba ampenda mwanawe, nyanya.” Jibu hilo si uongo, lakini ndiyo hadithi ileile ya mapenzi tuliyokuwa tayari tunaijua, na yote niliyoyaeleza hapo juu yalimpita nyanya huyo akiwa ameukodolea macho mdomo wa Madhubala.

Na kama kuna watazamaji duniani ambao hawahitaji kufundishwa kwamba wimbo unaweza kubeba jambo lisilosemeka, ni wanawake wa mji huu. Wamelelewa na taarabu, wamemsikiliza Zuhura Swaleh na Malika arusini na redioni, wanajua kumpelekea jirani ujumbe kwa jina la leso pasipo kumtaja mtu, na wanajua beti ipi ikiimbwa nani atainuka kutuza na nani atainamisha uso. Mwanamke wa pwani ambaye hawezi kumjibu mumewe au wifi yake waziwazi amejibu kwa wimbo tangu zamani za lelemama. Ukumbi wa aina hii ungeuelewa wimbo wa Anarkali upesi kuliko ukumbi wowote wa wasomi, lau ungeambiwa maneno yake.

Sisemi kwamba kila wimbo ni uasi. Mother India ya mwaka 1957, ambayo Mehboob Khan aliiongoza na Nargis akamcheza Radha, inazitumia nyimbo zake nyingi kuutukuza uvumilivu wa mama anayevuta jembe mwenyewe badala ya ng'ombe, na kilele chake, pale anapompiga risasi mwanawe mwenyewe kwa kumteka msichana wa kijiji, hakikuja kwa wimbo bali kwa kitendo. Grease ya mwaka 1978 ina, karibu na mwisho wake, wimbo wa furaha ambamo Sandy, msichana mwema, ametoka amevaa nguo nyeusi za kumbana na ameshika sigara ili apendwe, ingawa ni haki kukumbuka kwamba na Danny, kijana anayempenda, naye alikuwa amejaribu kubadilika kwa ajili yake. Katika filamu hiyohiyo lakini, mnamo dakika ambazo wengi huziona za kupumzikia, Rizzo, msichana anayesengenywa na shule nzima, anaimba peke yake kwamba yako mabaya zaidi ambayo angeweza kuyafanya kuliko hayo wanayomsingizia, na lililo baya kuliko yote kwake ni kulia mbele yao. Wimbo huo ulirushwa siku hiyo kwa ajili ya muda. Ule wa nguo nyeusi ukabakizwa.

Baada ya filamu hukaa mazungumzo mafupi, na mazungumzo ya siku ya Grease yalinionyesha vizuri gharama ya uamuzi huo. Mwanafunzi mmoja wa chuo alisema filamu ile inawafundisha wasichana kujibadilisha kwa ajili ya wanaume. Bi mmoja wa makamo akamjibu, “Mamangu, na wewe ulipoanza kazi hukubadilisha mavazi?” Watu walicheka, mjadala ukapamba moto, lakini ukabaki kwa Sandy na nguo zake tu. Hakuna aliyemtaja Rizzo, kwa kuwa aliyemtazama Rizzo bila ya wimbo wake aliona msichana mhuni wa kando, na basi.

Kuna jambo jingine ambalo ukumbi wenye masikio ungeliona, nalo ni suala la mwenye sauti. Katika filamu za Kihindi za zama hizo mwigizaji hufungua mdomo na mwimbaji mwingine ndiye anayesikika, na kwa miongo mingi sauti ya mwanamke mwema ilikuwa ya Lata Mangeshkar, nyembamba, ya juu, isiyo na doa. Mwanamke wa klabu, aliyevaa manyoya na kushika glasi, ambaye mara nyingi alichezwa na Helen, alizoea kupewa sauti ya Asha Bhosle, mdogo wake Lata, kama katika Caravan ya mwaka 1971. Wema na uhuni viligawiwa koo mbili za nyumba moja, na msikilizaji alijua ni mwanamke gani anayekuja kabla hajamwona. Ndiyo sababu Umrao Jaan ya mwaka 1981 ni filamu muhimu katika ratiba hii. Muzaffar Ali alimpa Rekha nafasi ya mshairi wa kike aliyetekwa utotoni na kuuzwa Lucknow, na mtunzi Khayyam akamtaka Asha aimbe kwa sauti ya chini kuliko aliyoizoea. Sauti iliyokuwa imetengewa wanawake wasio na heshima ikaja na uzito na huzuni ya mtu mzima, na wote wawili, Asha na Rekha, wakapata tuzo ya taifa kwa kazi hiyo.

Pia Umrao mwenyewe haokolewi. Katika Pakeezah ya mwaka 1972, ambayo kikundi kinaahidi kuionyesha, Meena Kumari anatolewa katika nyumba ya ngoma kwa kuolewa, na heshima yake inarudishwa na wanaume walioiondoa. Umrao anarudi Faizabad, analetwa kuimba mbele ya nyumba aliyozaliwa, anauliza kwa wimbo ni mahali gani hapa, na anapoingia ndani kwa mamake, nduguye anamfukuza. Filamu haimlaumu na wala haimpi mume wa kumsafisha. Bahati nzuri wimbo huo haukurushwa. Bahati mbaya haukufasiriwa.

Kuhusu mwenye sauti, My Fair Lady ya mwaka 1964 ina kichekesho chake ambacho msimuliaji angeweza kutudokezea kwa sentensi moja. Hadithi nzima ni ya Higgins, mwanamume msomi anayemfundisha Eliza, muuza maua, namna ya kusema ili akubalike kwa wakubwa, na Audrey Hepburn aliyemcheza msichana huyo aliondolewa sauti yake mwenyewe katika sehemu kubwa ya nyimbo na kuwekewa ya Marni Nixon. Eliza ana wimbo wa kumwambia Higgins kwamba dunia itaendelea kuzunguka bila yake, na Higgins anaudaka wimbo huohuo na kujisifu kwamba ni yeye aliyemtengeneza mwanamke shupavu kiasi hicho. Mwishoni Eliza anarudi na mwanamume anauliza ndara zake ziko wapi, jambo ambalo George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia iliyozaa filamu hii, hakulikubali. Ukumbi wetu uliicheka sana ile ya ndara. Sina hakika kama kilikuwa kicheko cha furaha.

Dreamgirls ya mwaka 2006 ilipokelewa kwa namna ya pekee. Effie, mwenye sauti kubwa na mwili mkubwa, anaondolewa mbele ya kundi lake na nafasi yake kupewa Deena, mwembamba na mwenye sauti nyepesi, kwa sababu meneja anataka kuwauzia watazamaji wa kizungu. Wanawake wa Mombasa, ambao harusini mwili wa Effie ungesifiwa kwa vigelegele, walimwona meneja huyo kuwa mtu asiyejua kutazama. Wimbo mkubwa wa Effie, nafasi iliyompa Jennifer Hudson tuzo ya Oscar, una mgogoro ndani yake ambao ningependa ujadiliwe: maneno ni ya mwanamke anayemng'ang'ania mwanamume asiyemtaka, lakini namna unavyoimbwa si ya anayeomba, ni ya mtu anayekataa kufutwa. Kwa kuwa wengi ukumbini wanakielewa Kiingereza, hapa kimya cha msimuliaji hakikudhuru sana, na wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi kana kwamba Effie mwenyewe yumo chumbani.

Sarafina! ya mwaka 1992 nayo haikuhitaji msaada. Wengi wetu tuliijua tangu shuleni, na ukumbi uliimba. Ninachotaka kukisema ni kwamba Leleti Khumalo alipewa nafasi ambayo filamu za muziki huwapa wasichana kwa nadra, ya mwanafunzi ambaye hamu yake kubwa haiko kwa kijana yeyote, na kwamba Miriam Makeba, katika nafasi ndogo ya mama anayefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, ameitoa sura ya mama mvumilivu mahali pa kudharauliwa na bintiye na kuifikisha mahali pa kueleweka.

Siku iliyoondoa shaka yangu yote ilikuwa ya Khalli Balak min Zouzou. Kwa filamu hiyo ya Kiarabu, msimuliaji alimwomba mwalimu wake wa zamani wa madrasa amsaidie, na wakakaa wakaandika nyimbo zote kwa Kiswahili kabla ya Jumamosi. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Hassan al-Imam mwaka 1972 na kudumu katika kumbi za Cairo kwa zaidi ya mwaka, ni ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyechezwa na Soad Hosny, ambaye mamake ni mcheza ngoma wa maharusi, na anaificha nasaba hiyo mpaka wivu wa mwanamke mwingine unapomfichua. Wimbo ambao Zouzou anamchokoza mwanamume mwenye kujivuna ulisomwa mstari kwa mstari, na ukumbi ulipasuka kwa vicheko, kwa sababu kwa mara moja ni mwanamke anayemkagua mwanamume, anampima, na kumwambia hapandi bei kwa kununa. Kisha ikaja karamu ambayo mama mzee, Taheya Carioca, anaitwa makusudi acheze mbele ya wageni ili adhihakiwe, na binti anainuka kucheza badala yake. Msimuliaji aliinua sauti kidogo tu na kufasiri mpaka mwisho. Wanawake waliokuwa wakinong'onezana juu ya mcheza ngoma dakika chache kabla walikuwa wamenyamaza, wengine wakijifuta macho kwa ncha za leso, na mazungumzo ya baadaye hayakuwa juu ya mavazi ya Zouzou. Yalikuwa juu ya nani hula pesa ya mcheza ngoma kisha akamwonea haya. Mkutano ulikwisha kwa adhana ya Magharibi, na watu bado walikuwa wakibishana ngazini.

Kwa hiyo hoja kwamba wimbo ukifasiriwa utaharibika haisimami, maana kikundi chenyewe kimekwisha kuivunja. Kinachotakiwa ni kazi ya maandalizi. Guide, kwa mfano, inatarajiwa kurudiwa, na wimbo wa Rosie, yule mke wa Marco, anapotembea juu ya kuta za ngome kuukuu baada ya kununua njuga zake za miguuni hauna maneno mengi: ameivuta ncha ya sari yake kutoka kwenye miiba, amekata kamba zilizomfunga na kufunga njuga, leo ana hamu ya kuishi tena. Mstari mmoja wa njuga ungetosha kumweleza mke aliyekatazwa kucheza kuliko nusu saa ya mazungumzo yake na Marco. Mombasa haina upungufu wa washairi, na wako wanaojua Kihindi cha filamu kwa sababu walikikulia. Wakipewa wiki mbili na kikombe cha kahawa, wangezitia nyimbo hizo katika mizani, na karatasi yenye beti zake ingegawiwa mlangoni pamoja na tiketi. Ningelipa shilingi 50 za ziada bila ya kunung'unika.

Liko pia jambo la saa, ambalo ni rahisi zaidi. Mughal-e-Azam ina zaidi ya saa tatu, na hakuna namna ya kuianza saa nane na robo, kama ilivyotokea, kisha mtu ategemee kuimaliza yote. Filamu za urefu huo zigawiwe Jumamosi mbili, kama sinema za zamani zilivyokuwa na mapumziko ya katikati, au milango ifunguliwe mapema na waliochelewa wangoje nje.

Kwa anayetaka kuanza, nashauri achague filamu ya Kiarabu au ya Kiingereza mpaka utaratibu wa nyimbo za Kihindi utakapobadilishwa, ingawa mwenye kuzipenda za Kihindi hatajuta kumsikiliza msimuliaji huyu akiwafasiri wanaume wake. Viti vya upande wa kushoto, karibu na dirisha, viko mbali na spika na sauti ni nzuri zaidi huko. Watoto wa chini ya miaka kumi hawalipi, ila hukaa mikekani, na mikeka ya mbele hujaa kabla ya saa saba na robo. Mwenye kumleta mzee amtumie ujumbe mmoja wa waandaaji mapema ili awekewe kiti cha mstari wa kwanza, nao hushuka wenyewe mpaka chini kumpokea.